Sekunde Arobaini za Kabula

Stebilaiza ilikuwa imebaki moja tu dukani kwa Imrani, na watu wawili walikuwa wameishika kwa wakati mmoja.

"Dada, nimeiona kwanza mimi," alisema mwanamume.

"Hongera kwa macho mazuri, kaka. Mimi nimeishika," alijibu mwanamke, wala hakuiachia.

Ilikuwa siku ya mnada mjini Bariadi, Juni 2014. Mkoa wa Simiyu ulikuwa na miaka miwili tu, na kila mtu alikuwa anakimbilia mjini kufungua kitu. Makampuni ya pamba yaligombea wakulima, kila moja na mzani wake na spika yake. Minara ya simu ilikuwa imefika mitatu, nayo ikigombea watu walewale. Duka la Imrani la vifaa vya umeme, jirani na stendi, lilijaa wateja hadi barazani.

Mwanamke aliitwa Kabula, binti wa Mzee Ndalahwa wa Mwamapalala, naye alikuwa na saluni mtaa wa pili. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa kiunoni, nywele zimesukwa twende kilioni, na vumbi la mnada lilimfika kwenye vifundo vya miguu bila kumpunguzia chochote. Mwanamume alikuwa Shija, mpiga video wa harusi na misiba. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilikuwa limeinama upande mmoja kwa uzito wa nyaya alizojaza mfukoni. Siku hiyo hakuwa amenyoa ndevu. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo.

"Unaitakia nini?" Shija aliuliza.

"Draya zangu. Umeme wa mji huu unapanda na kushuka unavyotaka, umeshaniunguzia mbili. Wewe je?"

"Mtambo."

"Wa kusaga?"

"Wa kurusha picha. Mtu yuko India, anaona harusi ya Bariadi saa ileile inapofungwa. Moja kwa moja."

Kabula alicheka hadi wateja wakageuka. "Kaka yangu Marcelo yuko India anasoma. Hata sauti yangu kwenye simu haimfikii vizuri, sembuse sura."

"Nipe hiyo stebilaiza, nitamfikishia sura. Sura kama hiyo haifai kubaki Bariadi peke yake."

"Haya, umeanza. Imrani, nifungie hii kabla sijaibiwa."

"Mkiidondosha mmeinunua wote wawili," alisema Imrani kutoka nyuma ya meza, kofia yake ya kufuma imerudi kisogoni.

Kabula alishinda. Alitoka na boksi lake kifuani, na Shija akamfuata hadi kwenye ngazi za saluni, akisema na mgongo wake.

"Dada, hiyo ina matundu manne nyuma. Draya zako ni ngapi?"

"Mbili."

"Basi matundu mawili yatakaa bure."

Kabula aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza vizuri. Aliona mtu aliyekuwa hatanii hata kidogo.

"Mtambo wako unapiga kelele?" aliuliza.

"Unakoroma kidogo tu."

"Ukikoroma kuliko mimi unatoka," alisema, akamfungulia mlango.

Ndivyo mtambo wa Shija ulivyohamia saluni. Ilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kioo wala kibodi. Aliiweka chini ya rafu ya mafuta ya nywele, waya mmoja ukienda kwenye stebilaiza na mwingine kwenye modemu dirishani, upande wa mnara. Wateja waliokaa chini ya draya waliuliza ni friji ya namna gani ile isiyotoa soda.

Kwa nini alitaka mtambo wake mwenyewe? Kwa sababu alishawahi kuaibika. Mwaka uliotangulia alirusha msiba wa mwalimu mmoja huko Zagayu kwa kupitia tovuti ya watu wa nje, ili watoto wa marehemu walioko Ulaya wamzike baba yao kwa macho. Kwaya ilipoanza kuimba, ile tovuti ikasema wimbo una mwenyewe, ikakata picha. Jeneza lilishuka kaburini huku watoto wakitazama kioo cheusi. Mtoto mmoja alimpigia Shija simu analia. Tangu siku hiyo aliapa kwamba picha ya watu wa Simiyu itakaa kwenye mashine ya Simiyu.

Kabula alimsikiliza habari hiyo akiwa ameshika kitana, na nadhani ndipo alipoanza kumpenda. Yeye mwenyewe angekataa. Angesema alianza siku alipofundishwa kuwasha mtambo.

"Kwanza umeme," Shija alisema, wamechuchumaa wote wawili chini ya rafu, magoti yanagusana. "Halafu mtambo. Halafu modemu, na usubiri taa iwe ya kijani. Ikishakuwa kijani unafungua mlango."

"Mlango upi?"

"Njia ya picha kuingilia. Kamera iliyoko harusini inaleta picha hapa, mtambo unawagawia wanaotazama. Mlango una neno la siri. Asiye nalo haingii."

"Na neno lenyewe?"

Shija alijikuna shingo. "Kabula. Kwa herufi ndogo."

"Wewe bwana! Umeshaniingiza kwenye mtambo hata hujaniuliza?"

"Nakuuliza sasa."

"Sasa umechelewa," alisema Kabula, lakini alikuwa anacheka, na hakuondoa goti lake.

Alijifunza upesi. Kilichomshangaza ni kitu kimoja tu, na alikirudia mara mbili ili akielewe.

"Kwa hiyo picha haifiki papo hapo?"

"Inachelewa sekunde saba. Ni kama maji na ndoo. Mtambo unajaza ndoo kwanza, mtazamaji anachota kwenye ndoo. Mtandao ukikauka kidogo yeye hajui, bado anachota. Ukitaka picha isikatike kabisa, unaongeza ndoo. Ila ukiongeza ndoo unaongeza na kuchelewa."

"Naweza kucheka, nikamaliza, nikanuna, na anayenitazama bado anaona nacheka?"

"Kwa sekunde saba."

"Maskini wa Mungu," Kabula alisema. "Anapenda mtu aliyeshapita."

Wakapendana mwaka mzima. Asubuhi simu ililia saluni kabla ya mteja wa kwanza. "Haloo, fundi wangu." "Haloo, mtambo wangu, umeamkaje?" "Nimeamka nakoroma." Walirusha harusi kumi na nane na misiba tisa bila kukatika. Marcelo, kule India, aliona ubatizo wa mtoto wa binamu yake na akalia. Salu, msusi wa saluni, mama mwenye watoto wawili na mikono isiyotetemeka, alifundishwa kushika kamera, akawa anamwita Shija shemeji mbele za watu. Watu waliitikia.

Kilichokosekana kilikuwa kimoja. Shija hakuwa amepeleka wazee Mwamapalala. Kwanza alisema Pasaka, kamera mpya ikishapatikana. Pasaka ilipofika alisema Juni. Alikuwa mtu wa kupanga sana, na moyoni aliogopa kusimama mbele ya Mzee Ndalahwa, mfugaji aliyeamini kazi ni ile inayoacha alama za kwato barabarani. Kabula aliona hofu hiyo, akaivumilia, mpaka Julai ya 2015.

"Haloo, mtambo wangu."

"Usiniite mtambo leo, Shija. Baba ameniita nyumbani. Wazee wa Joakim wanakuja Jumamosi."

"Joakim yupi?"

"Mnunuzi wa pamba. Mwenye gari jeupe. Alipita pale kupima pamba ya baba, akaniona nikitoa uji."

Kwenye simu ya Kabula ilisikika honi ya basi.

"Na wewe umesemaje?"

"Sijaulizwa. Nitaulizwa Jumamosi mbele ya watu. Shija, walete wazee wako Ijumaa. Hata wawili. Hata baba yako mdogo peke yake."

"Mpenzi, Ijumaa nipo Lamadi, nimeshika kazi ya siku nne. Na nije kwa baba yako mikono mitupu? Nipe mpaka Desemba."

"Uliniambia Pasaka. Pasaka ukaniambia Juni."

"Kabula, najenga kitu kwa ajili yetu."

"Najua. Nakaa nacho chini ya rafu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Basi. Jumamosi saa nane mchana fungua picha. Marcelo ameomba kuona, baba amekubali, Salu atashika kamera."

"Unataka nikutazame unavyoposwa?"

"Nataka utazame," alisema, akakata.

Angeweza kumwambia. Maneno mawili tu yangetosha: nitamkataa, usiogope. Lakini Kabula alikuwa na hasira ya mwaka mzima, na mwenye hasira hapendi kufariji. Alitaka Shija aone kwa macho yake mwanamke akimkataa mtu wa gari jeupe mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya mtu ambaye hajatokea. Alitaka aone na aone haya.

Jumamosi asubuhi aliwasha mtambo kama alivyofundishwa. Umeme, mtambo, modemu, taa ya kijani. Kisha akakumbuka mtandao wa Mwamapalala, ambao siku nyingine hata ujumbe mfupi ulisafiri nusu saa. Picha ikikatika pale pale atakapojibu, je? Akaunganisha kibodi na kioo, akatafuta pale palipoandikwa saba, akafuta. Akaandika arobaini. Ndoo nyingi, picha haitakatika hata iweje. Hakumwambia Shija kwa sababu walikuwa hawasemezani tangu ile simu. Akafunga saluni, akavaa gauni refu la buluu, akapanda gari la kwenda kwao.

*

Lamadi, saa nane na dakika kumi, Shija alikuwa amekaa kwenye kreti la soda nyuma ya banda la samaki, kompyuta mapajani. Alikuwa ametoroka mkutano aliokodiwa kuupiga picha. Malori ya kwenda Mwanza yalinguruma barabarani na harufu ya dagaa ilikuwa kali kweli. Aliandika neno la siri. Herufi zile sita.

Picha ikaja, safi. Uwanja wa nyumbani kwa Mzee Ndalahwa, turubai, wazee kwenye viti vya mbao, wanawake kwenye mikeka. Joakim na kaunda suti ya kijivu. Na Kabula katikati, amepiga magoti, mabegani ana kitenge kipya chekundu. Kwa ukoo wao wageni humvisha binti kitenge. Akikubali anabaki nacho, akikataa anakivua na kukirudisha.

Lakini picha haikuwa na sauti. Shija akampigia Salu.

"Salu! Sauti haipo."

"Betri ya maiki imekufa, shemeji. Ya akiba nimeiacha saluni. Samahani jamani."

"Uko karibu nao?"

"Niko mbele kabisa."

"Usikate simu. Iweke mfuko wa juu, nisikie."

Simu ikakwaruza kwenye nguo, kisha ikatulia. Mnenaji wa familia, mzee mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, alikuwa anakohoa. Halafu Shija akasikia kila neno.

"Kabula, ng'wana Ndalahwa. Wageni hawa wa Joakim umewaona. Ng'ombe wao wamesimama pale nje. Unawakubali? Tupokee?"

Kimya. Kisha simu ikaanza kukwaruza tena kwenye nguo, na kilichofuata hakukisikia.

Shija alikuwa fundi. Hata moyo ukiwa unampasuka hakusahau kuwa sauti ya simu inafika mara moja na picha inachelewa. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akahesabu mpaka saba, macho kwenye kioo.

Kabula akainua uso, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wanawake kwenye mikeka wakafungua vinywa, wakapiga vigelegele visivyosikika.

Shija akakata simu. Akafunga kompyuta.

Alichokiona kilikuwa kweli, ila hakikuwa cha wakati ule. Muda mfupi kabla Salu hajapokea simu, mnenaji alikuwa ameanza na utani wa siku zote wa kumpima binti kama yuko timamu: alimwonyesha shangazi yake, Nyanjige, na kumuuliza, "Huyu bibi kizee unamfahamu, au tumtoe nje?" Kabula alitabasamu na kuitikia kwa kichwa kwa ajili ya Nyanjige. Vigelegele vilikuwa vya Nyanjige. Picha ya jibu lenyewe ilikuwa bado iko njiani, na Shija hakuisubiri. Alitoa laini ya simu, akaivunja kwa meno, akaitema kwenye maganda ya samaki. Kesho yake alipanda basi la Mwanza.

Kule Mwamapalala, Kabula alikaa kimya muda mrefu, kama heshima inavyotaka. Kisha akavua kitenge. Alikikunja mara mbili, mara nne, akakinyoosha kwa kiganja, akakirudisha kwa mikono miwili miguuni pa mama yake Joakim. Halafu akageuka akaitazama kamera ya Salu, moja kwa moja, bila kupepesa.

"Sababu?" Mzee Ndalahwa aliuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Nina mtu wangu, baba."

"Yuko wapi?"

"Atakuja."

"Nani kakwambia?"

"Ametuona sasa hivi. Atakuja."

Alisema hayo mbele ya watu themanini, wazee wa koo mbili, na ng'ombe waliokuwa wanarudishwa walikotoka. Neno lake lilikuwa limebaki pale uwanjani, na kuanzia saa hiyo lilimngoja Shija.

*

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kabula aliisikia sauti ile ya mwanamke wa simu mpaka akaichukia kama mtu anayemjua. Wiki ya kwanza alidhani Shija yuko njiani. Wiki ya tatu alidhani ni mgonjwa. Mwezi wa pili hakudhani tena. Aliamini kwamba Shija alimwona akikataa, akaogopa mzigo, akakimbia.

Kila Jumapili alikwenda kwao, na kila Jumapili baba yake alimwitikia salamu kisha akamuuliza neno moja tu.

"Ameshafika?"

"Bado, baba."

"Haya." Mzee akarudi kwenye zizi lake.

Saluni wateja walinong'ona chini ya draya, wakidhani draya inawaziba masikio wengine pia. Salu aliwafukuza wawili. "Da Kabula, uzime basi huu mtambo," alimwambia siku moja. "Unakula umeme bure." Kabula alisema atauzima kesho. Kesho yake asubuhi aliangalia taa, ikawa ya kijani, akaendelea na kazi. Alikonda. Gauni la machungwa lilianza kumpwaya kiunoni, akalitundika nyuma ya mlango na hakulivaa tena.

Shija naye alikuwa Mwanza akishika kamera ya mtu mwingine kwenye harusi za watu wengine. Mabibi harusi walipoulizwa na kuitikia kwa kichwa, aligeuza kamera kwenye maua. Tajiri wake alimgombeza kwa hilo.

Oktoba, mbele ya duka la jumla la vifaa vya umeme, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma alimshika bega.

"Shija! Wewe mtu gani?"

"Imrani. Shikamoo kaka."

"Shikamoo yako kaa nayo. Umemwacha binti wa watu hivi hivi? Alimrudishia yule mtu wa pamba kitenge chake mbele ya ukoo mzima, akasema ana mtu wake, na mtu mwenyewe umejificha huku unanunua balbu?"

Shija alicheka, kicheko kibaya. "Imrani, nilikuwepo. Niliona kwenye picha. Alikubali. Aliitikia kwa kichwa, na vigelegele juu."

"Mimi nilikuwepo kwa miguu yangu, nilipeleka jenereta. Vigelegele vilikuwa vya shangazi yake. Vya kwako wewe sijui uliviona kwenye picha ipi."

Shija alisimama pale, boksi la balbu mkononi. Watu walimpita na kumsukuma, hakusogea. Taratibu alianza kuelewa.

*

Kabula alikuwa anaosha nywele za mteja alipomwona mlangoni. Alivaa aproni iliyochakaa, kitambaa kichwani, povu hadi kwenye viwiko. Hakuacha kuosha.

"Mtambo uko palepale," alisema. "Nyaya utavuta mwenyewe."

"Sikuja kuuchukua. Kabula, naomba nione ile picha."

Salu alimpokea mteja bila kuambiwa. Shija alichuchumaa chini ya rafu, akaunganisha kioo, akatafuta kumbukumbu ya Julai. Mtambo huhifadhi kila kinachopita. Ukamwonyesha tabasamu alilolijua, vigelegele bila sauti, wanawake wakifuta machozi ya kicheko, mnenaji akisimama, akikohoa, akifungua kinywa. Kisha kimya kile. Kisha kitenge kikivuliwa, kikikunjwa mara mbili, mara nne. Kisha macho ya Kabula yakimtazama yeye, yeye hasa, pale nyuma ya banda la samaki ambako tayari alikuwa amefunga kompyuta.

Akafungua mipangilio. Akaona tarakimu.

"Nani aliweka arobaini?" aliuliza.

"Mimi. Mtandao wa kwetu mbovu. Nilitaka isikatike. Nilitaka unione vizuri."

"Nilihesabu saba," Shija alisema. "Salu alikuwa ameacha simu wazi, nikasikia swali, nikahesabu saba. Nikaona umekubali."

Kabula alikaa kwenye kiti cha wateja. Mtambo ukakoroma. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye povu, likamuingia jichoni, akakasirika zaidi.

"Kwa hiyo ni sekunde zangu," alisema. "Ndizo zilizoniponza."

"Ndiyo. Hapana. Kabula, ni bahati mbaya tu, mtambo..."

"Usiutupie mtambo. Mtambo ulichelewa sekunde arobaini, ukafika, na ulileta kila kitu kama kilivyokuwa. Wewe ulikuwa na siku tisini. Siku moja kati ya hizo ungenipigia ukaniuliza, Kabula, umekubali? Maneno mawili. Hata kwa kunitukana."

"Niliogopa jibu."

"Na mimi niliogopa! Nikajibu mbele ya watu themanini!" Draya zote mbili zilikuwa zimezimwa, wateja hawakuwa hata na haya ya kujifanya wanasoma magazeti. "Nilimwambia baba utakuja. Kila Jumapili ananiuliza umeshafika, nasema bado. Nimekuwa mwongo nyumbani kwetu, Shija, kwa ajili yako."

Shija alipiga magoti pale pale kwenye nywele zilizokatwa. "Nisamehe. Nifanye nini?"

"Sijui kama nimekusamehe. Usinikimbize kwa hilo." Alivuta pumzi. "Lakini nilisema utakuja. Njoo. Usinifanye niseme bado Jumapili nyingine."

"Nitakuja na baba yangu mdogo. Jumapili hii."

"Na usije na kamera."

*

Jumapili hiyo alikwenda, na Mzee Ndalahwa alimweka juani kwa saa mbili kabla ya kumpa kiti. Jumapili ya pili alimpa kiti. Ya tatu alimuuliza anafanya kazi gani hasa, na Shija akamweleza habari za msiba wa Zagayu, za watoto waliotazama kioo cheusi. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akainuka kwenda zizini. Lakini jioni alimwambia Nyanjige kwamba yule mtu ana aibu, na mtu mwenye aibu anaweza kufundishika. Siku ikapangwa, Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha.

Turubai lilelile, viti vilevile. Wazee wa Shija walikuwa watano, ng'ombe wachache na wembamba, na kila mtu aliwaona. Kabula alivaa lile gauni la machungwa, limeshonwa upya kiunoni. Alipiga magoti, akavishwa kitenge cha kijani. Hakumtazama Shija hata mara moja. Tangu Oktoba walikuwa wamezungumza, ndiyo, lakini Kabula hakuwahi kusema amemsamehe, na Shija hakuwa na hakika hata kidogo. Hapakuwa na kamera wala simu mfukoni mwa mtu. Palikuwa na watu tu, macho kwa macho.

Mnenaji alimaliza utani wa shangazi, akakohoa.

"Kabula, ng'wana Ndalahwa. Mara ya kwanza ulitutia aibu, tukakuvumilia. Leo tunakuuliza tena. Wageni hawa wa Shija unawakubali? Tupokee?"

Kabula hakujibu. Aliinua uso, na safari hii alimtazama Shija.

Zikapita sekunde tano. Zikapita saba. Baba mdogo wa Shija aliguna. Mama mmoja kwenye mkeka alinong'ona kitu kwa Kisukuma, mwenzake akamfinya. Mnenaji alimtazama Mzee Ndalahwa, Mzee Ndalahwa akatazama ng'ombe. Vidole vya Kabula vilikuwa kwenye ncha ya kitenge, mahali palepale vilipokuwa Julai kabla ya kukivua.

Shija alitaka kusimama, kusema chochote, kuomba. Ndipo akaona midomo ya Kabula. Ilikuwa inacheza kidogo sana, bila sauti, kama mtu anayesali. Akaelewa. Akatulia kwenye kiti, akaanza kuhesabu naye kuanzia pale alipodhani amefika. Kumi na tisa. Ishirini. Uwanja mzima ulikuwa umeingiwa na wasiwasi isipokuwa watu wawili. Thelathini. Nyanjige alijishika kifua. Thelathini na tano. Shija hakuondoa macho, wala hangeyaondoa hata zingekuwa mia nne.

Midomo ya Kabula ikakoma. Akakivuta kitenge, akakifunga vizuri mabegani.

"Wapokeeni, baba," alisema. "Safari hii amesubiri."